Shamba Lisilochomwa

Buhare, Musoma
4 Agosti 1985

Dada Dafroza,

Kaa chini kwanza. Kama umeshika jembe, liweke, maana habari hii ukiipokea umesimama utaanguka, na mimi sitaki kuambiwa nimemuua dada yangu kwa bahati yangu mwenyewe.

Nimepata kazi! Na si ile ya kushusha sangara kwenye mitumbwi mpaka shati linanuka hadi Jumapili. Nimepata kazi kwa mtaalamu wa udongo, Bwana Felisian, msomi kutoka Morogoro, aliyeletwa hapa Buhare kuwafundisha mabwana shamba wa mkoa mzima. Watu sabini waliitaka kazi hii. Sabini, dada, na vyeti vyao vya fomu foo mikononi. Mimi na darasa la sita langu nikapita katikati yao kama sindano kwenye kaniki. Nina kiti changu. Nina darubini, yaani chombo cha kukuza vitu, ukiweka kiroboto chini yake unamwona kama ndama. Asubuhi mtaalamu hawezi kuanza bila kuuliza, "Yuko wapi yule?" Yule ni mimi. Hata aliyeokota dhahabu Buhemba akisikia bahati yangu atalala na njaa ya wivu.

Sasa ya kwako. Robi, yule mama anayepeleka dagaa Bunda, amenipa ujumbe wako wote. Kwamba baba mdogo Wanzagi anasema shamba la marehemu baba limekufa, na kama msimu ujao halitoi chakula, anampa Mwikwabe, yule mfugaji mgeni, aweke ng'ombe. Na wewe uende wapi? Ulirudi kutoka kwa yule mume wa Tarime na nguo uliyovaa, ng'ombe za mahari zikarudishwa, basi. Mimi ningeligomea, ila nimekaa mjini miaka tisa, na mwanamume asiyelima maneno yake ni upepo, ndivyo wazee wetu wanasemaga.

Nisikilize. Shamba halijafa, lina njaa. Mtaalamu anasema udongo ni mji. Ukichota kijiko kimoja cha udongo mzima, mle ndani wamo viumbe wengi kuliko Watanzania wote, wadogo hawaonekani, na hawana kadi wala foleni ya sukari. Wengine wanaozesha majani yawe chakula cha mimea. Wengine wanatoa ute unaoshikanisha udongo ili upepo usiubebe na maji ya mvua yapate mahali pa kuingia. Nchi kavu kama ya kwetu inawahitaji kuliko nchi ya mvua nyingi, maana kwetu tone likipotea limepotea. Na adui zao ni wawili, moto na jua. Udongo ukikaa uchi kwenye jua ni sawa na wewe kulala juu ya kikaango.

Kwa hiyo usichome kitu. Kila kilichobaki shambani kilaze chini kama shuka. Mvua zikija panda kunde na mtama. Baba mdogo atakuja kukuomba mbegu.

Nakuandikia kwa kalamu ya ofisi. Angalia wino unavyong'aa.

Ndugu yako mwenye bahati,
Masatu Rafaeli


Bunda
25 Agosti 1985

Mdogo wangu Masatu,

Nilikaa chini. Sikuanguka.

Nimefurahi mpaka nimewaambia hata watu wasioniuliza. Jumapili baada ya misa nilimwambia katekista. Akasema, "Masatu gani? Yule aliyeruka dirisha siku ya hesabu?" Nikamwambia huyo huyo, leo ana darubini, wewe una nini? Mama angekuwepo angepiga kigelegele mpaka Nyamuswa wasikie.

Barua hii naandika mwenyewe. Elimu ya watu wazima imenisaidia, ila mkono wangu unaenda polepole, usinicheke.

Shamba ni hivi. Miaka kumi na miwili ni pamba juu ya pamba, dawa juu ya dawa. Udongo umekuwa mweupe kama majivu ya jana. Maji ya mvua hayaingii, yanateleza juu kama kwenye sahani. Na kuna kitu sijamwambia mtu. Mwaka jana mvua ya kwanza ilipodondoka nilitoka nje nisikie harufu ya udongo. Kwa Pelagia jirani ilinukia. Kwangu hapana. Nikasimama kwenye mpaka kama mbwa, huku nanusa, kule nanusa. Pelagia akaniuliza, "Shoga, umepoteza nini?" Nikamwambia sindano.

Sasa kuna jambo. Kilichobaki shambani ni miti ya pamba. Bwana shamba wetu ametangaza kwenye stoo ya pamba kama kila mwaka, kila mtu ang'oe miti yake aichome kabla ya tarehe kumi na tano Septemba, asiyechoma atapelekwa kwenye serikali ya kijiji. Wewe unasema nisichome. Yeye anasema nichome. Nikiangalia moto wa mwaka jana ulivyoacha ardhi, moyo wangu unakufuata wewe.

Je, huyo mtaalamu anajua kwamba ni miti ya pamba? Muulize kwa mdomo wako. Nimezoea utani wako, ulinitaniaga hata siku naolewa. Hapa usinitanie. Hili shamba ndilo mahali pangu pa kulala na ndilo kaburi langu. Jibu kabla ya tarehe hiyo.

Dada yako,
Dafroza


Buhare, Musoma
6 Septemba 1985

Dada,

Nimemuuliza. Uso kwa uso, mimi nimesimama, yeye amekaa, akaweka kalamu chini kabisa kunisikiliza. Nikamwambia, "Mheshimiwa, dada yangu yuko Bunda, ana miti ya pamba, achome au asichome?" Akacheka. Akasema, "Masatu, na wewe unauliza jambo unalolijua?" Umeona? Mambo yetu yako hivyo, ni ya kutaniana.

Usichome. Kata vipande vipande, laza chini, juu yake tandaza nyasi. Bwana shamba wenu akikusumbua mtajie jina langu, mwambie aje Buhare tumfundishe upya.

Na lile la harufu umenigusa. Juzi darasani mtaalamu amelieleza lile lile, nikakukumbuka. Mvua haina harufu, dada, maji ni maji. Ile harufu ni ya hao viumbe wadogo. Kiangazi wanalala wamejikunja, tone la kwanza likiwapiga harufu yao inaruka juu. Udongo usionukia ni mji uliohamwa. Lakini wanarudi! Wanaletwa na upepo, na mchwa, na mizizi, wanataka tu wakute kivuli na kitu cha kula.

Akaeleza pia nyuzi. Kwenye mizizi kuna ukungu mweupe, nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zinatembea mbali kwenye udongo mkavu kutafuta maji mahali mzizi haufiki, zinamletea mmea, na mmea unazilipa utamu. Biashara huria hiyo, hata kabla ya serikali kuruhusu. Ukilima sana unazikata. Na ile ngozi nyeusi inayofanyaga kama kigaga juu ya ardhi upande wa bondeni, usiivunje, nayo ni hai, inazuia upepo. Halafu akaanza kusema habari ya kuchoma masalia, mazao gani na gani, hapo nikaitwa mara moja, wajua kazi, niliporudi alikuwa amefika kwenye kunde.

Kunde ikifikisha mwezi mmoja ng'oa mche mmoja. Utaona vinundu kwenye mizizi. Kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kidogo kama ufizi wa mtoto, viumbe wapo na wanafanya kazi, wanavuta mbolea kutoka hewani bure. Kikiwa cheupe, wamelala.

Nimenunua koti la mtumba, la Ulaya, lina vifungo sita. Mtaalamu ameliangalia akanyamaza kwa heshima.

Masatu Rafaeli,
Msaidizi wa Udongo


Bunda
20 Disemba 1985

Masatu mdogo wangu,

Vyekundu.

Nilipasua vinundu vitano, vyote vyekundu. Nikakaa pale pale shambani na mche mkononi nikalia kama mtu aliyefiwa, kumbe ni furaha. Pelagia akaja mbio akidhani nyoka.

Septemba sikuchoma. Walichoma wote, moshi ukakaa kijijini siku nne, mimi nikakata miti yangu nikailaza, juu nikatandaza nyasi isionekane. Watu walicheka. Baba mdogo alipita akasema, "Mwanamke huyu anafuga takataka." Nikaendelea kutandaza. Na wewe ungeniona ungecheka, nilikuwa natembea upande wa bondeni kwa ncha za vidole nisivunje kile kigaga chako.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana tarehe tatu Novemba. Nikatoka. Masatu, ilinukia. Kidogo, kama harufu ya chakula kutoka nyumba ya tatu, lakini ilinukia kwangu. Sikwenda kwenye mpaka.

Chini ya ile shuka udongo umeanza kuwa mweusi kiasi cha unene wa kidole. Ukiinua majani unaona ule ukungu mweupe uliousema. Maji yanaingia. Kunde imefunika, mtama unapanda. Baba mdogo amepita tena wiki hii. Hakusema takataka. Alisimama akachukua donge akalivunja, akaenda zake. Kwa mtu kama yule, hiyo ni salamu.

Mwambie Bwana Felisian dada yako anamshukuru. Nimemtumia kunde mbichi kwa Robi, fungu kubwa ni lake, dogo ni lako, na usibadilishe.

Dafroza


Bunda
16 Machi 1986

Masatu,

Naandika haraka, Robi anaondoka.

Funza wameingia kwenye pamba ya watu. Wale wekundu wanaokula ndani ya tumba. Wameanzia kwa Pelagia, upande ule anaopakana na mimi, na sasa wamefika mashamba manne. Pelagia amepasua matumba yake mbele yangu moja moja, kila moja lina funza. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Dafroza, mimi ni mjane kama wewe ulivyo mkiwa. Pamba hii ilikuwa ya kumpeleka mwanangu Eufrasia hospitali akatibiwe mguu."

Bwana shamba amekuja akafunua nyasi zangu. Miti ya pamba bado ipo, haijaoza yote. Amesema funza wamelala humo kiangazi chote.

Jumamosi tarehe ishirini na tisa kuna baraza, serikali ya kijiji pamoja na ukoo. Baba mdogo amesema akithibitisha ni mimi, shamba linaondoka siku hiyo hiyo. Nimewaambia sikufanya kwa ujeuri, ndugu yangu anafanya kazi kwa mtaalamu wa mkoa, aliuliza, akajibiwa. Wamesema vizuri, aje aseme.

Njoo na Bwana Felisian. Akishindwa, njoo na barua yake. Barua ikishindikana njoo wewe mwenyewe na koti lako usimame useme ulivyoambiwa. Mtama umebeba, Masatu. Umebakiza miezi miwili.

Sijakuomba kitu tangu ulipoondoka. Leo nakuomba.

Dafroza


Buhare, Musoma
21 Machi 1986

Dada mpenzi,

Barua nimepata. Bwana Felisian amesafiri Dodoma, kuna mkutano mkubwa wa udongo, hata mawaziri wapo. Gari la ofisi limevunjika spring'i. Mimi ndiye nimeachiwa funguo zote, nikitoka hapa kila kitu kinasimama.

Wewe simama imara. Waambie Masatu amesema. Wenye akili wataelewa.

Nitajitahidi Jumamosi kama nikipata nafasi. Usinihesabie sana.

Kunde zilikuwa tamu.

Masatu


Bunda
2 Aprili 1986

Kwa Masatu Rafaeli,

Salamu. Mimi baba yako mdogo ni mzima.

Baraza lilikaa Jumamosi. Dada yako aliulizwa nani alimtuma kuacha miti ya pamba. Alisimama akataja jina lako na cheo chako. Mwenyekiti akasema tumsubiri huyo bwana. Tukakusubiri. Dada yako alitoka kwenda barabarani kuangalia mabasi ya kutoka Musoma mara tatu. Jua lilipogeuka mwenyekiti akasema inatosha.

Vijana wa kijiji walienda wakakusanya ile miti wakachoma. Moto ulishika nyasi, nyasi ikashika mtama. Hatukutaka mtama uungue, ila ndivyo ilivyokuwa. Upande wa bondeni umepona kidogo.

Shamba nimempa Mwikwabe. Dada yako hakulia wala kubisha. Alichukua jembe na chungu cha marehemu mama yenu, akapita kwa Pelagia, akamwachia debe la kunde alilokuwa nalo, akaondoka kwa miguu.

Nilikuwa nimeanza kubadili mawazo. Nililishika donge la lile shamba mwezi wa kumi na mbili, lilikuwa donge jema. Ungekuja, hata peke yako, hata umekosea, ningekuwa na mahali pa kuanzia kusema. Mtu hawezi kumtetea mwanamke kwa kiti kitupu.

Wanzagi


Musoma
30 Mei 1986

Dada Dafroza, kwa mkono wa Shangazi Ursula, Buswahili,

Robi hakuoni sokoni Bunda. Nimesikia ulionekana Butiama njia panda ukiwa na chungu kichwani, nikafikiri umekwenda kwa shangazi. Kama uko hapo niandikie neno moja tu. Hata tusi. Tusi ni neno.

Masatu


Buswahili
9 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Nipo. Nilichelewa kuandika kwa sababu niliumwa, na kwa sababu sikuwa najua niandike nini.

Naishi kwa Shangazi Ursula, nyuma ya jiko. Nalima vibarua mashamba ya watu. Mkono wa jembe hauchagui udongo wa nani. Shangazi ni mwema, ila amezeeka, na watoto wake wameshaanza kuulizana chumba hiki kitakuwa cha nani.

Najua unajilaumu, wewe moyo wako ni mkubwa kuliko mdomo wako, ingawa mdomo wenyewe si mdogo. Acha. Nimefikiri sana nikiwa nalima. Wewe una kazi ya mkoa mzima. Ulikuwa umeachiwa funguo. Mtu hawezi kuacha udongo wa nchi kwa ajili ya shamba la mwanamke mmoja. Siku ile barabarani, kila basi lilipopita bila wewe nilikuwa nasema moyoni, basi ana kazi kweli, huyu si Masatu wa zamani wa kuruka madirisha. Utashangaa, lakini nilijivuna. Hata walipokuwa wanachoma nilikuwa na hicho kimoja cha kushika, kwamba nyumba yetu imetoa mtu.

Kinachoniumiza ni Pelagia. Mwenzangu alichoma, alifuata sheria, na funza wakamla yeye. Mguu wa Eufrasia nimesikia umepinda moja kwa moja.

Wanawake wa hapa wananiuliza habari za udongo, maana niliwaeleza ile ya kijiko na ile ya vinundu. Nimewaambia siku moja ndugu yangu atakuja na darubini yake.

Naomba unijibu jambo moja, kwa ukweli. Nataka kujua kama nilikuwa mjinga. Yale uliyoniandikia, ya viumbe na nyuzi na harufu, ni kweli, au nililala chini ya ndoto? Maana nililiona shamba likiamka. Nililiona kwa macho yangu, halafu nikaliona likiungua, na sasa nikiwa peke yangu nauliza kama niliona.

Dada yako anayekupenda,
Dafroza


Musoma
18 Januari 1987

Dada Dafroza,

Barua hii nimeianza mara sita. Kila nikianza mkono wangu unataka kuandika kitu cha kuchekesha. Nimeukatalia.

Swali lako kwanza. Hukuwa mjinga. Wiki iliyopita nilikwenda Bunda. Nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja shambani kabla ya kusalimia mtu. Upande wa juu walipochomea pamerudi kuwa peupe na Mwikwabe amefunga zizi. Lakini upande wa bondeni ambao moto haukufika ng'ombe hawajakanyaga bado, na kunde yako imejiotea yenyewe. Nilichimba kwa mikono. Udongo ni mweusi kufika kifundo cha mkono, na zile nyuzi nyeupe zimeshika madonge, ukivuta donge moja linakuja na mwenzake. Nilipasua kinundu. Ni vile vile ulivyoandika. Mwikwabe akanikuta nimepiga magoti.

"Wewe nani?"

"Mdogo wake Dafroza."

"Aa. Dada yako alifanya nini huku chini? Kiangazi chote majani hayakufa. Mke wangu anasema ni dawa."

"Si dawa. Aliacha kuchoma."

"Basi?"

"Basi."

Akatikisa kichwa. "Sasa kwa nini mlimfukuza?"

Niliinuka nikapangusa magoti, dada. Ilibidi mgeni wa juzi ndiye aniulize swali hilo.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Nikamwambia kosa ni langu, si la Dafroza, arudishiwe shamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema, "Maneno hayo mwezi wa tatu mwaka jana yangefaa kitu. Leo Mwikwabe ana zizi na ndama wamezaliwa humo. Nimtoe mtu na ndama?" Nikapita kwa Pelagia. Eufrasia alikuwa mlangoni, anatembelea fimbo. Nilimwambia Pelagia ukweli wote, huu ninaokuandikia sasa. Alimtazama Eufrasia na ile fimbo. Halafu akasema, "Mimi ushaniambia. Mwenzangu bado anakusifu huko aliko. Kamwambie."

Ndiyo nakuambia.

Ya viumbe ni kweli, ya nyuzi ni kweli, ya harufu ni kweli. Kilichokuwa uongo ni kwamba nilimuuliza mtaalamu. Septemba ile sikumuuliza. Nilibuni mpaka kicheko chake. Nilimuuliza mara ya kwanza Machi, siku niliyopata barua yako ya baraza. Nilimngoja atoke, nikamwambia habari za miti ya pamba. Hakuwa Dodoma, hakuwa amekwenda mahali. Akasema, "Masalia yote yalazwe, isipokuwa pamba. Pamba ina funza, ing'olewe na kuchomwa pembeni, halafu shamba lifunikwe kwa nyasi na mabua ya mtama. Nililieleza darasani mwaka jana." Alilieleza kweli, dada. Alilieleza dakika ile niliyoitwa. Neno moja lile, *isipokuwa*, mimi sikuwepo.

Nilimwomba barua ya kukutetea. Akaniuliza kwa upole, "Ya kumtetea kwa lipi? Na niandike wewe ni nani?"

Nauli nilikuwa nayo. Jumamosi ile nilifika stendi ya Musoma, nimevaa koti. Basi la Bunda lilijaa, likaondoka, likaja la pili, na mimi nimekaa kwenye jiwe. Nilikuwa naona baraza lote linanitazama na kuniuliza kazi yangu. Nikaona ni afadhali upoteze shamba kuliko unione mimi. Sikufikiri kwa maneno hayo, lakini ndicho nilichofanya. Wewe ulikuwa barabarani upande mmoja, mimi stendi upande mwingine.

Usiwaambie wanawake wa Buswahili kwamba nitakuja na darubini. Waambie yale uliyoyaona wewe kwa macho na kwa ukucha wako, wewe ndiye uliyafanya. Na waambie miti ya pamba wachome. Nimeacha kuishi Buhare, nitakuja kabla ya mvua za masika, unionyeshe pa kulima. Hata nyuma ya jiko hakuna nafasi, najua. Nitalala nje mpaka unifukuze.

Sikuwahi kuwa na ile kazi, dada. Sikuwa na kiti wala darubini wala funguo. Dirisha la darasa lilikuwa wazi, na chini yake mimi nilikuwa nauza chai. Aliyeuliza "Yuko wapi yule?" alikuwa anataka kikombe. Walipokuwa wanaita "Chai!" ndipo nilikuwa naitwa, na siku ile ya *isipokuwa* nilikuwa namhesabia mtu maandazi.

Nilikudanganya.

Masatu